Sikuwa Uchi, Nilikuwa na Bukta

Kwanza kabisa: sikuwa uchi. Yule rafiki yangu wa stejini ameshatuma voisi kwenye magrupu yote kwamba usiku ule wa kuukimbia mto nilibaki uchi mbele za watu, Kasese mpaka Bwera mnacheka, lakini kuna kipande amekiruka makusudi. Nani aliifunga ile betri?

Nyamwamba, mto wetu wa Kasese, mnaijua. 2013 na 2020 tuliona inavyobingirisha mawe, kwa hiyo ikinguruma usiku hungoji kuona maji, unakimbilia mlimani. Mimi nilikuwa tayari: boda tangi limejaa, inveta na chaja ndani ya nailoni, vichwa vya betri nimevifunga mpira wa tyubu visigusane na chuma. Betri yenyewe ni ya maji, volti 12, Ah (ampea-saa) 100, karibu kilo 30. Ya aina hiyo husafiri imesimama. Msomi wetu, huyo huyo rafiki yangu, akailaza ubavu kati yangu na mama watoto, "ili shemeji apate pa kukaa." Vizibo vikatazama makalio yangu.

Mvua ilikuwa inamwagika, nimelowa mwili mzima, ningejuaje kwamba huko nyuma kinatiririka kitu kingine? (Mlioanza kucheka, ngojeni.) Mvua hiyo ndiyo iliyoiokoa ngozi, maana iliizimua asidi ya betri. Tatizo ni kwamba nguo ikikauka, maji huondoka, asidi hubaki, inazidi kukolea, na hapo inaanza kula pamba. Suruali yangu ya kadeti ilikuwa pamba tupu.

Shuleni mlimani watu wamejaa darasani, simu zimezima. Nikajiona waziri wa nishati. Nikawapigia hesabu: 12 mara 100 ni wati-saa 1,200, tunatumia nusu tu tusije tukaiua betri, yaani 600, simu kubwa moja inakula 15 hadi 20, basi tutapata simu kama 30. Inveta tuiache, yenyewe nayo inakula. Tutumie chaja ya gari moja kwa moja. Makofi! Mama mkwe akasogea, kitochi chake amekishika kwa mikono miwili.

Sasa hapa ndipo. Nikachuchumaa kuchomeka waya. Suruali ikipasuka hulia, si ndiyo? Hii haikulia. Iliachana kimya, kama karatasi iliyolowa. Kwanza nikahisi upepo. Halafu mshono wa kati ukaachia. Halafu mfuko wa nyuma ukadondoka sakafuni wenyewe, na pochi yangu ndani. Mama mkwe akautazama mfuko. Akanitazama mimi. Akautazama mfuko tena.

"Mkwe," akasema taratibu, huku akigeukia ubao, "nitachaji kesho."

Bukta ilikuwa nzima! Ni ya kuchezea mpira, kitambaa polista, asidi ya betri haiiwezi. Hilo nalo litumeni kwenye magrupu.

Mengine ni mafupi: kitenge cha mama watoto, ndoo kadhaa za maji makalioni, soda ya kupikia kwenye siti ya boda mpaka povu likakoma. Mto wenyewe safari hii ulikuwa mngurumo tu. Betri nimempelekea fundi aongeze asidi, kwa sababu iliyomwagika hairudishwi kwa maji ya betri. Hayo hufidia yaliyokauka tu. Rafiki yangu nimemtumia bili ya suruali, ameisoma, kanyamaza. Mama mkwe anachaji kwa jirani.