Waliofichwa chini ya London

Richard Mayhew yuko bafuni kwake, ndani ya maji, dalali anapoingia na watu kuwaonyesha nyumba. Hawamwoni. Ofisini meza yake imeshahamishwa, kadi yake ya benki imekataliwa, na teksi hazimsimamii. Kosa lake ni moja: juzi yake alimbeba msichana aliyekuwa akivuja damu kando ya njia, huku mchumba wake akimhimiza wasichelewe chakula cha usiku.

Ndivyo inavyoanza Neverwhere ya Neil Gaiman, iliyotoka mwaka 1996, tamthilia ya BBC kwanza, kisha riwaya. Richard anaangukia London ya Chini, dunia ya mahandaki, mifereji ya maji machafu na vituo vya treni vilivyofungwa, wanakoishi waliopotea kwenye nyufa za jiji. Majina ya vituo huko ni mambo ya kweli: Blackfriars kuna watawa, na Earl's Court ni baraza la mtemi mzee ndani ya behewa.

Wanaoitetea fantasia ya namna hii wana hoja nzito. Habari za watu wanaolala vituoni tunazipitisha macho tu, lakini ukishakaa ndani ya ngozi ya Richard huku wafanyakazi wenzake wakimpita kama hewa, unaelewa kitu ambacho takwimu haikupi: kutoonekana hakutoki kwa aliye chini. Kunafanywa na aliye juu, kila siku, kwa kugeuza shingo.

Upande wa pili nao una lake, na wa kwanza kulisema ni mwandishi mwenyewe. Gaiman amesimulia kwamba wazo la awali lilitoka kwa mchekeshaji Lenny Henry: makabila ya watu wasio na makazi London. Alisita, akihofia kuifanya shida ile ivutie hadi kijana mmoja atoroke kwao kuifuata. Akaigeuza fumbo. Ila fumbo nalo lina gharama yake. Ukimpa aliyetengwa soko la usiku, lugha ya panya na milango ya kichawi, msomaji wa juu anafunga kitabu akiwa ametulia: kumbe wana dunia yao.

Mtazame Anaesthesia. Ni binti aliyekimbia nyumbani alikokuwa akiumizwa, akalala nje, akaugua, akaokotwa na watu wanaozungumza na panya. Kati ya wote wa London ya Chini, huyu ndiye anayefanana zaidi na mtoto wa mtaani unayemjua. Anapewa kazi ya kumwongoza Richard kuvuka daraja lenye giza, na giza linamchukua. Anasikitikiwa kidogo, kisha safari inaendelea.

Kwetu mtu akipotea hivyo, wapo watakaosema kafanywa msukule. Simulizi za misukule zina ubaya wake, kwani vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Lakini zina swali ambalo Neverwhere hailiulizi: nani kamchukua? Msukule ana mwenyewe. Waliopotea kwenye nyufa hawana wa kulaumiwa, maana ufa haushtakiwi.

Zoo City ya Lauren Beukes, ya mwaka 2010, inapita njia nyingine. Johannesburg yake ina watu waliotenda uovu mkubwa na kila mmoja kafungamanishwa na mnyama. Zinzi December anabeba wake mgongoni, mnyama wa mitini mwenye mwendo wa kujivuta, tangu kifo cha kaka yake. Hawa hawajafichwa, taabu yao ni kwamba hawawezi kujificha. Wamesukumiwa mtaa mmoja uliochakaa, pamoja na wakimbizi kama Benoît, Mkongomani mwenye nguchiro. Kitabu kilitoka miaka miwili baada ya mashambulizi ya Mei 2008 dhidi ya wageni Afrika Kusini, yaliyoua watu zaidi ya 60, na ni vigumu kukisoma ukayasahau. Hata hivyo kuna kinachonikera: alama ya kutengwa ikishakuwa ushahidi wa dhambi, aliyemtenga mwenzake anapata kisingizio.

Pamoja na yote niliyoisema Neverwhere, ukurasa ninaourudia unatoka humo. Blackfriars, Richard anapewa mtihani: anajiona amekaa kwenye jukwaa la kituo, mchafu, akisema peke yake, huku sauti zikimwambia hakuna London ya Chini wala milango wala malaika, yeye ni mtu tu aliyerukwa na akili, na treni inakuja, ajirushe. Kwa kurasa chache uchawi wote unavuliwa, na anayebaki pale ni yule ambaye sote tumewahi kumpita stendi. Kinachomwokoa ni ushanga ulio mfukoni, uliotoka kwenye mkufu wa Anaesthesia uliokatika darajani.