Viatu Vinalala Kariakoo, Mimi Nalala Chanika

Jamani, mimi ni mwenye nyumba. Niiteni hivyohivyo, maana ndiyo faida pekee niliyoambulia.

Zamani nilipanga Kariakoo, katikati ya Dar, zile nyumba za vyumba sita, korido katikati, choo kimoja uani na foleni ya asubuhi kama ya mwendokasi. Mwenye nyumba akafariki, wanawe wakamuuzia tajiri, nyumba ikavunjwa, likapanda ghorofa. Wapangaji tukatawanyika: huyu Mbagala, yule Kitunda, mimi Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji, nikanunua kiwanja nikajenga. Dalali aliniambia, "Bosi, lami hiyo hapo, dakika tano." Hakusema dakika tano kwa usafiri gani. Labda helikopta.

Natoka saa kumi alfajiri, mbwa wa jirani ananibwekea. Narudi saa nne usiku, ananibwekea tena. Mwaka wa tatu huu! Wala simlaumu, hajawahi kuniona mchana. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu miaka ya 1950, Pugu ilikuwa nje ya mji kabisa. Mimi daladala likifika Pugu napumua: afadhali, tumeingia mjini.

Mzee mmoja wa Magomeni ananifariji. Eti naye alipohama Kariakoo aliambiwa anawafuata fisi. Na waliopewa viwanja Sinza miaka ya 1970 walionewa huruma vilevile. Leo nenda Sinza kaulize bei ya chumba, halafu rudi tuoneane huruma vizuri. "Vumilia, mji utakufuata," anasema. Haya. Sensa ya 2002 ilitukuta Dar watu kama milioni 2.5, ya 2022 tumepita milioni 5. Sasa huo mji wa kunifuata uko wapi? Ninavyoona mimi, wote wamo kwenye daladala langu, na mmoja kanikanyaga.

Wanasema jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Juzi nikaliheshimu jina: nilipandisha mzigo wa tajiri kwenye ghorofa lile lile, mgongoni, maana lifti imekufa. Fungua mlango, stoo! Maboksi ya viatu hadi darini, na feni inazunguka. Feni, ya viatu! Mimi Chanika nguzo ya umeme naisubiri tangu nihamie.

Nikakaa juu ya boksi nivute pumzi, macho yakaanza kufumba. Mlinzi huyo: "Mzee, amka. Hapa hapalali mtu."