Taka za Sokoni Zisipande Gari Moja na Chupa

Viongozi wa miji yetu wakizungumzia urejelezaji, picha inayotangulia ni ya chupa za plastiki. Mimi naona Dar es Salaam ingeanzia kwingine kabisa: kwenye taka zinazooza, na hasa za masokoni.

Chupa zina wenyewe tayari. Kabla hakujapambazuka, akina mama na vijana wenye viroba mgongoni wameshazipitia barabara za mtaa na kuokota chupa, makopo na vyuma chakavu. Mnunuzi anawasubiri na mizani yake, na hata soko likiyumba kazi hiyo huendelea, maana ndiyo inayowapa ugali. Maganda hayana mtu wa kuyapigania, ilhali zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni za kuoza.

Nenda Mahakama ya Ndizi, lile soko la ndizi pale Mabibo, malori yanaposhusha mzigo. Mikungu inakuja imefunikwa majani ya mgomba ili isichubuke njiani. Ikishakatwa chane, yanabaki majani, vikonyo na ndizi zilizopondeka. Taka hizo zimejitenga zenyewe, hazihitaji semina wala mabango. Zinaharibika pale zinapotupwa pamoja na mifuko, chupa zilizovunjika na mabaki ya mama lishe. Kuanzia hapo hakuna tena mbolea wala plastiki safi, ni uchafu tu, na jiji linalipa mafuta ya lori kuupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji. Sehemu kubwa ya uzito unaosafirishwa ni maji yaliyomo kwenye mboga na matunda.

Kule dampo madhara yanaendelea. Taka za kuoza zikifukiwa chini ya nyingine zinakosa hewa, zinatoa gesi ya methani, ambayo inachangia joto la dunia na pia inalisha moto wa dampo. Mvua ikinyesha, maji meusi yanachuruzika kuelekea ardhini. Wanaoishi jirani na dampo ndio wanaovuta moshi huo, wala si sisi tuliozalisha taka.

Wala hatuhitaji kusafiri mbali kujifunza. Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha kugeuza taka za masoko kuwa mboji, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani. Uzuri wake ni kwamba teknolojia yake ni ya kawaida: taka zinalundikwa, zinageuzwa ili zipate hewa, zinaachwa zikomae, kisha zinachekechwa. Kila manispaa ingeweza kuwa na eneo kama hilo, hata dogo, karibu na masoko yake. Wateja wapo. Jiji hili limejaa bustani za mchicha na matembele ambazo wakulima wake wananunua mbolea.

Kinachokwamisha ni utaratibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeshazipa halmashauri jukumu la taka ngumu, ikiwamo suala la kuzitenganisha pale zinapozalishwa. Lakini mwananchi atatenganisha kwa moyo gani, akiona gari linakuja na kumwaga ndoo zote mbili mahali pamoja? Hilo linavunja moyo kuliko kukosa elimu. Ndiyo maana sipendi kampeni zinazoanza kwa kuwalaumu wananchi. Hata usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao naupenda kwa dhati, unapoteza maana rundo lililofagiliwa asubuhi likikaa kando ya mtaro hadi mvua ilirudishe ndani.

Watu wetu hubadilika wakipewa utaratibu unaoeleweka na tarehe. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania, na tukaizoea mifuko mbadala na vikapu. Haikuwa kazi kamilifu, vile vifuko vyepesi vya kufungia bado vinazagaa, ila sokoni tofauti ilionekana.

Kwa hiyo naomba halmashauri zianze na masoko makubwa kwanza, kabla ya kugusa nyumba hata moja. Kila soko liwe na vizimba viwili, kimoja cha vinavyooza na kingine cha mengine, na viwe na msimamizi anayelipwa kutokana na ushuru ule ule wanaotoa wafanyabiashara. Waokota chupa wapewe vitambulisho, glavu na kivuli cha kuchambulia mzigo wao hapo hapo sokoni badala ya kufukuzwa na mgambo, kwani chupa ikiwa safi mnunuzi haipunguzii bei. Na zabuni ijayo ya kuzoa taka iwe na kipengele kimoja kilicho wazi: mzabuni atakayechanganya taka zilizokwisha kutengwa halipwi kwa safari hiyo.