Chai ya kukata tumbo hapa Mwanjelwa, Mbeya
Mwandishi, kwenye makala yako umesema jimbo la New York, Marekani, tangu Aprili 2024 aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa vidonge vya kupunguza uzito. Huku Mbeya binti wa dada yangu, kidato cha tatu, kauziwa "chai ya kukata tumbo" bila kuulizwa umri. Wiki mbili anashinda chooni, ugali anausogeza pembeni, mkanda kautoboa tundu jipya kwa msumari. Nikasoma pakiti: sena. Hiyo si dawa ya kumfanya mtu aharishe jamani? Yanayopungua ni maji na chumvi za mwili, mafuta yapo palepale. Na afadhali hiyo imeandikwa. Nyingine huchanganywa sibutramini kimyakimya, dawa ya kupunguza uzito iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya 2010 kwa kuhatarisha moyo. Mama yake bado anamsifia kapendeza.