Hati Inayosubiri na Swali Linalotaka Jibu Sasa

Kampuni inapotaka kuunganisha mfumo wake wa biashara na ule wa mnunuzi au muuzaji wake, mabishano huzuka mapema juu ya jambo moja: je, mifumo hiyo itumiane hati kamili zenye muundo uliokubaliwa, kama vile oda, taarifa ya shehena na ankara, au kila upande ufungue kiolesura cha programu, yaani API, ili mwenzake aulize au aandike anachotaka papo hapo? Waandishi wengi wa programu huiona njia ya kwanza kuwa masalia ya enzi zilizopita. Wahasibu na watu wa ghala, ambao ndio huitwa kujieleza hesabu zisipolingana, mara nyingi hawakubaliani nao. Mimi naegemea upande wa wahasibu, ingawa si kwa sababu wanazozitaja wao wenyewe.

Njia ya hati ni kongwe, na ukongwe wake unaeleza tabia yake. Edward Guilbert, Mmarekani aliyeshughulikia mizigo wakati Berlin ilipolishwa kwa ndege mwaka 1948 na 1949, alikabiliwa na orodha za shehena zilizofika kwa miundo na lugha mbalimbali, akashiriki kubuni orodha moja sanifu iliyoweza kupitishwa hata kwa teleksi, mtambo wa zamani wa kutumiana maandishi. Kazi ya namna hiyo baadaye ilihamia kwenye kompyuta: kamati ya X12, ya kuweka viwango vya hati za kielektroniki za biashara, iliundwa Marekani mwaka 1979, na EDIFACT, kanuni za Umoja wa Mataifa za kuandika hati za namna hiyo, zikaidhinishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 1987 kwa namba 9735. Mawasiliano ya wakati huo yalikuwa ghali na ya polepole, wala hakuna aliyetegemea kwamba kompyuta ya upande wa pili ingekuwa imewashwa saa ileile. Kwa hiyo hati ilipaswa kujitosheleza. Ibebe namba yake, mtumaji, mpokeaji, tarehe, bidhaa na idadi, ili mpokeaji aweze kuishughulikia kesho yake bila kumrudia mtumaji kwa swali hata moja.

Mfano ulio wazi ni IDoc, hati ambayo mifumo ya SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara, huitumia kutoa na kupokea data. Ina rekodi moja ya udhibiti, inayotaja nani anatuma, nani anapokea na hati ni ya aina gani. Ina rekodi za data, kila moja ikiwa na nafasi ya herufi 1,000 za maudhui. Na ina rekodi za hali, ambazo huongezeka kadiri hati inavyosonga mbele. Oda ikiingia na kusajiliwa hupewa hali namba 53. Ikikwama, kwa mfano kwa sababu namba ya mteja haikupatikana, hupewa namba 51 na kubaki palepale mpaka mtu arekebishe kasoro na kuichakata upya, bila mtumaji kulazimika kutuma mara ya pili. Na miezi kadhaa baadaye, mnunuzi akidai kwamba aliagiza katoni 40 wala si 400, hati iliyohifadhiwa inasomeka kama ilivyotumwa. Mazungumzo ya papo kwa papo hayaachi ushahidi wa namna hiyo isipokuwa mtu awe ameujenga kwa makusudi, na watu husahau kuujenga.

Wanaoipinga njia hii nao wana hoja ambazo hazipuuziki. Hati iliyotumwa usiku kueleza akiba iliyopo ghalani huwa imepitwa na wakati ifikapo asubuhi, na mteja aliyeahidiwa bidhaa kwa kutegemea hati hiyo huambiwa baadaye kwamba imekwisha. Kwa miaka mingi hati hizi zilipitia mitandao ya watu wa kati waliotoza ada kwa kila herufi 1,000, gharama iliyowalemea wafanyabiashara wadogo, hadi njia za kutuma kupitia intaneti zilipoenea. Mojawapo ni AS2, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 2005. Tena viwango vyenyewe ni vipana mno. EDIFACT inaruhusu mambo mengi kiasi kwamba kila mnunuzi mkubwa hutoa mwongozo wake wa namna anavyotaka oda au ankara ijazwe, na muuzaji mwenye wateja kumi hujikuta na tafsiri kumi za kiwango ambacho kwa jina ni kimoja. Aliyewahi kuzitunza tafsiri hizo anajua kwamba neno «sanifu» hapo limetumiwa kwa ukarimu.

Hata hivyo, nadhani wanaotetea API huudharau udhaifu mmoja wa njia yao. Ombi la moja kwa moja linahitaji pande zote mbili ziwe hai kwa wakati mmoja. Mfumo wa mnunuzi ukituma oda na muda wa kusubiri ukaisha bila jibu, haujui kama oda haikufika, au ilifika na kusajiliwa lakini jibu ndilo lililopotea njiani. Ukituma tena, huenda malori mawili yakapakiwa. Usipotuma, huenda lisipakiwe hata moja. Tiba yake inajulikana: kila ombi lipewe namba ya pekee ambayo mpokeaji ataikumbuka ili akatae marudio. Lakini ukilipatia ombi namba ya pekee, ukalihifadhi mpaka lijibiwe, ukaandika hali yake na kuweka foleni ya kulirudia likishindwa, tayari umeiunda hati kwa jina jingine, tena bila majaribio ya miongo minne ambayo ile ya zamani imekwisha kuyapitia.

Kuna tatizo ambalo njia zote mbili hazilitatui, nalo ndilo linalokula muda mwingi zaidi katika miradi hii. Katika EDIFACT, mstari QTY+21:48:PCE' unasema kwamba kiasi kilichoagizwa ni vipande 48. Tuseme muuzaji huweka bei na akiba kwa katoni za vipande 12, na aliyeandaa jedwali la kubadilisha vipimo akalinganisha PCE, yaani kipande, na katoni. Hati itapita ukaguzi wote wa muundo, itapewa hali namba 53, na ghala litatoa katoni 48, yaani vipande 576. Oda hiyohiyo ikiletwa kwa JSON, muundo wa kuandika data unaotumiwa sana na API, kupitia API ya kisasa, matokeo yatakuwa yaleyale, ila yatakuja haraka zaidi. Mikutano ya kuchagua kati ya JSON na XML, muundo mwingine wa kuandika data, huwa na wahudhuriaji wengi. Ule wa kukubaliana maana ya kipimo, namba ya bidhaa na anwani ya kupokelea mzigo huachiwa watu wawili na lahajedwali.

Kwa mtazamo wangu, maswali yasiyomfunga mtu kisheria, kama vile kiasi kilichopo ghalani, bei ya leo au mahali mzigo ulipofika, yaende kwa API bila kusita, kwa sababu jibu la jana halina thamani na jibu lililokosekana linaweza kuombwa tena bila madhara. Oda, taarifa ya shehena na ankara ni ahadi, na ahadi inahitaji umbo linaloweza kusimama peke yake mbele ya mkaguzi. Hilo halizuii hati kusafiri kupitia API. Barabara na mzigo ni vitu viwili. Italia imefanya jambo linalokaribia hilo: tangu tarehe 1 Januari 2019 ankara baina ya kampuni za nchini humo hupitia mfumo wa serikali zikiwa faili za XML zenye muundo uliowekwa, na ankara ambayo mfumo huo umeikataa huhesabiwa kuwa haikutolewa kabisa. Kampuni inaweza kuituma faili kwa njia za kiufundi zaidi ya moja, lakini katika njia zote hizo lazima awepo mtu wa kuusoma ujumbe wa kukataliwa siku unapofika.