Usihesabu mibofyo ya Caps Lock, uliza kompyuta

Programu inayotoa onyo mtu anapoandika nenosiri haina haja ya kukumbuka kama Caps Lock, kitufe cha herufi kubwa, imewashwa. Iuulize mfumo wa kompyuta kila inapotaka kujua, basi.

Wengi huweka kigeu kimoja (nafasi ya kuhifadhi thamani ndani ya programu) kinachoanza na "hapana", kisha hukigeuza kila Caps Lock inapobonyezwa. Kwa mtu aliyeiandika programu kinafanya kazi. Kwa karani wa sacco pale Kondele, aliyeibonyeza akiwa Excel ndipo akarudi, onyo litasema kinyume kuanzia hapo. Nenosiri linakataliwa, na kama laptopu yake haina taa ya kitufe hicho, hana pa kuthibitishia.

Kwenye Windows jibu ni GetKeyState(0x14); 0x14 ni namba ya kitufe cha Caps Lock. Thamani inayorudi hubeba habari mbili katika biti zake (tarakimu za 0 na 1): biti ya juu kabisa huonyesha kitufe kimeshikiliwa sasa hivi, ya chini kabisa huonyesha kimewashwa. Kwa hiyo lazima uandike & 1, yaani uchukue biti ya chini tu. Ukipima tu kama si sifuri, kidole kikiwa bado juu ya kitufe utaambiwa "ndiyo" hata kama kimezimwa. Uliza kila dirisha la programu linapopata fokasi, yaani linaporudi kuwa ndilo linalopokea maandishi, na kila kitufe kinapoachiliwa ndani ya kisanduku cha nenosiri. Saa ya kuuliza kila milisekunde 10 ni uchovu wa bure. Kwa tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha) juu ya X11 (mfumo wa madirisha wa Linux) kuna mtego: event.state & 2, biti ya Caps Lock, ya tukio la Caps Lock yenyewe huonyesha hali iliyokuwapo kabla ya kubonyeza, kwa hiyo subiri tukio linalofuata.

Num Lock (0x90), kitufe kinachowasha namba za upande wa kulia wa kibodi, husahaulika, nayo ndiyo yenye hasara. Chukua jedwali la kupokea maziwa kule Molo. Num Lock ikiwa imezimwa, 2 ya upande huo ni mshale wa chini, 8 wa juu, 4 wa kushoto. Karani akiandika lita 28, kishale kinashuka na kupanda, hakuna kilichoandikwa. Akiandika 24, kimeshuka hadi kwa mfugaji mwingine, safu moja kushoto. Onyo jekundu kando ya jedwali linatosha kumwokoa.

Ila usimwashie Num Lock kwa nguvu. Kwenye laptopu ndogo zenye namba zilizochapwa juu ya herufi, J hugeuka 1, U 4, M 0. Mfugaji Juma ataingia kwenye rejista kama 140a.