Minofu Ulaya, Mgongo Wazi Obunga

Ukifika Obunga, mtaa wa Kisumu, jioni, harufu hukupokea kabla ya watu. Akina mama wamekaa vigodani kando ya makarai meusi, wakigeuza mgongo wazi: mifupa ya mbuta (sangara) iliyobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu. Kichwa kipo, mkia upo, katikati mbavu tupu. Nimeila sana utotoni. Mpaka leo sijui kama utamu wake ulitoka kwenye kinyama cha shavuni au kwenye njaa yangu.

Nikisikia watu wakisifu ukuaji wa uchumi, karai hilo hunijia. Mbuta si mwenyeji wa Ziwa Victoria, ziwa letu. Alitiwa humu enzi za ukoloni, miaka ya 1950, akawala fulu, samaki wetu wadogo wa asili, nusura awamalize. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa tele, viwanda vikafunguliwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kwenye vitabu vya serikali hizo ni fedha za kigeni. Obunga ikaletewa mifupa.

Kisha mbuta mwenyewe akapungua, kwa kuvuliwa kupita kiasi, na viwanda vingi vikafunga. Leo Kisumu, mji ulio ufukweni, inauza tilapia wa barafu kutoka China. Aibu hiyo tunaimeza na ugali.

Sasa tumaini ni vizimba vya kufugia samaki ziwani, na sivipingi. Vimewapa vijana kazi. Ila kizimba hakinusuriki maji yakichafuka. Mbolea ya mashambani inateremka na mto Nyando, maji taka ya mji nayo yanaingia, gugumaji linanenepa, oksijeni inapungua. Samaki wa ziwani atakimbilia kwingine. Wa kizimbani atakimbilia wapi? Asubuhi anaelea tumbo juu, na mkopo wa benki haujaelea naye. Ndiyo maana hunichosha kuambiwa tuchague kati ya mazingira na ajira. Kwa huyu mfugaji, kusafisha maji taka ni kazi ya kiuchumi kama kujenga bandari, na ningependa kuiona ikipewa bajeti hivyo. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi tangu 2010, mabomba bado.

Wiki jana nilinunua mgongo mmoja. Nilipolalamikia bei, mama aliniambia siku hizi anang'ang'ania mifupa na wasagaji wa chakula cha kuku.